Hilux ya 1986 na injini ya D-4D: jinsi nilivyomaliza tatizo la kuzima mlimani

Hilux yangu ya 1986 niliitoa injini yake ya zamani ya dizeli aina ya 2L, nikaipachika 1KD-FTV, yaani D-4D ya dizeli ya lita 3.0, pamoja na gia boksi yake. Kuchomelea vikalio vya injini na kufupisha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) hakukunisumbua. Kazi ilikuja baadaye: gari linawaka vizuri, ila ukifika mlimani ukakanyaga mafuta, linakata pumzi na kuzima.

Kila fundi alisema tatizo ni nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Nozeli za injini hizi ni ghali, nikakataa ziguswe kabla ya kukagua njia ya mafuta. Pampu yake huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini, kwa hiyo tundu dogo upande wa kuvuta linaweza lisidondoshe hata tone, likawa linaingiza hewa tu. Nikakata mpira karibu na pampu, nikaunga kipande kinachoonyesha ndani. Kuwasha tu, mapovu madogo yakapita mfululizo kama ya soda. Moyo ulitulia hapo hapo!

Paipu ya chuma ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu chini ya klampu, juu ya chesisi ambako macho hayafiki. Nilibadilisha yote mpaka tangini, na mipira yake. Juzi nimepanda mlima Sekenke na mahindi nyuma, halijakohoa hata mara moja.