Siku ya kukata majina

Kesi ilikuwa ya unyang'anyi, katika mahakama moja huko Texas. Mshtakiwa alikuwa kijana Mkongo, mimi mkalimani wake, kiti changu nyuma ya bega lake. Siku ile ilikuwa ya kuchagua jopo la raia 12. Hawa si kama wazee wa baraza wa kwetu, waliokuwa wakimshauri jaji tu. Hapa wao ndio wanaosema ana hatia au hana. Ndiyo maana rangi zao zina uzito: Lenell Geter, mhandisi mweusi, alifungwa maisha huko Dallas mwaka 1982 na jopo la wazungu watupu kwa wizi wa dola 615, ingawa wenzake walisema alikuwa kazini. Alitoka mwishoni mwa 1983.

Waliitwa watu 65. Kwa kesi kama ile, maswali yakiisha kila upande hukata majina 10 bila kutoa sababu. Piga hesabu: 12 wa kukaa, 10 wa huku, 10 wa kule. Jaji akishawaondoa wasiofaa kisheria, kinachogombewa ni watu 32 wa kwanza. Walio nyuma wamekuja kupiga miayo. Ndiyo maana sheria ya Texas inaruhusu upande wowote kuomba namba zichanganywe upya, mara moja, kabla ya maswali. Weusi wakikaa mbele, unaweza kuwasukuma nyuma kihalali. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Miller-El, iliuhesabu mchezo huo kuwa moja ya dalili za ubaguzi. Pale weusi 10 kati ya 11 waliofaa walikuwa wamekatwa.

Mwendesha mashtaka wetu naye aliomba. Wakabaki weusi wanne katika wale 32, na karani alipoleta orodha ya mwendesha mashtaka niliona wino wa bluu juu ya namba zao zote.

"Mama, watu kama sisi hawaruhusiwi kukaa pale?" kijana alininong'oneza. Mkalimani hatoi ushauri. Nikalifikisha swali kwa wakili, ambaye alikuwa ameshasimama kupinga.

Pingamizi lenyewe lilitokana na kesi ya Batson ya 1986, iliyokataza kukata majina kwa sababu ya rangi, na lazima litolewe kabla jopo halijaapishwa. Mtetezi anaonyesha dalili, mwendesha mashtaka anatoa sababu isiyo ya rangi, jaji anaamua kama ni ya kweli. Ubovu uko hapo katikati, maana sababu haihitaji hata kuwa na akili. Muuguzi, mmoja wa wale wanne, "alikunja mikono". Mwingine, fundi magari, ana kaka aliyewahi kufungwa. Wakili akauliza: na namba 9, mzungu, ambaye mwanawe alifungwa, mbona amebaki? Akajibiwa kwamba yule alikuwa mchangamfu. Jaji akalikubali hilo.

Wakili hakubishana tena. Aliomba orodha zote mbili, yake na ya mwendesha mashtaka, ziingizwe kwenye kumbukumbu, na rangi ya kila aliyekatwa itamkwe kwa sauti, kwa sababu majaji wa rufaa hawaoni sura, wanasoma maandishi tu. Orodha zikapewa namba za vielelezo, jopo likaapishwa, na baada ya chakula cha mchana akaitwa shahidi wa kwanza.