Ninavyobandika tepu ya misuli kupunguza maumivu ya hedhi

Natumia ile tepu ya pamba inayonyumbulika, upana sentimita 5, ambayo wanamichezo hubandika magotini na mabegani. Plasta nyeupe ngumu ya kufungia kifundo haifai, kwa kuwa hainyumbuliki na itakubana kila ukiinama.

Kama ngozi yako haijawahi kuizoea, bandika kwanza kipande kidogo tumboni na ukiache siku nzima. Kikiwasha au kikiacha wekundu uliovimba, gundi hiyo haikufai. Usiibandike juu ya kidonda, wala kama kuna uwezekano una mimba.

Huibandika siku moja kabla ya damu kuanza, au tumbo linapoanza tu kunyonga. Ngozi iwe safi, kavu, bila losheni, maana gundi haishiki kwenye mafuta. Hukata vipande vitatu: kimoja cha sentimita 12 hivi na viwili vya 20. Pembe zote nazikata mviringo. Pembe kali hunaswa na nguo ya ndani, na tepu huanza kubanduka hapo hapo.

Kile kifupi hukaa wima, chini ya kitovu hadi juu kidogo ya nywele za kinena. Nasimama, naegemea nyuma kidogo ili ngozi ya tumbo inyooke. Kirefu kimoja kinapita juu yake kwa mlalo, viwe msalaba. Cha tatu ni cha kiunoni, usawa wa vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio, na hapo lazima uiname mbele. Ukikibandika umesimama wima, kitakuvuta kila ukiketi.

Kosa kubwa ni kuvuta mno. Kila sentimita 10 za sehemu ya katikati zifike 11 au 12, basi. Ncha, sentimita 3 kila upande, zilazwe bila kuvutwa kabisa. Ncha iliyovutwa hujirudi na kuburuta ngozi, ndipo malengelenge hutokea. Kisha sugua kwa kiganja, kwa sababu gundi hushika kwa joto. Subiri kama saa moja kabla ya kuoga. Chupa ya maji moto usiiweke juu ya tepu.

Maumivu haya huletwa na prostaglandini, kemikali zinazofanya mji wa mimba ujikaze. Tepu haizipunguzi, ibuprofeni huzipunguza, na hakuna ubaya kuvitumia pamoja ikiwa dawa hiyo unaruhusiwa. Ila maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayokuja hata nje ya hedhi, au damu inayojaza pedi kila saa, hayo ni ya daktari. Naumia nikisikia msichana akiambiwa avumilie tu.

Tepu hukaa siku 3 hadi 5. Kuitoa, ipake mafuta, ngoja dakika chache, kisha uibandue polepole kufuata ulalo wa vinywele, huku kidole kikiikandamiza ngozi. Usiinyakue.