Kupima altrasaundi ya megahezi 15 kwa sindano ya plastiki na ncha ya faiba

Ile namba ya MI inayokaa kwenye kona ya skrini ya mashine ya altrasaundi, inayoashiria jinsi msukumo wa sauti unavyoweza kudhuru mwili, haipimwi papo hapo. Mashine inaikokotoa kutokana na vipimo vilivyofanyika kiwandani, proba (kile kichwa kinachowekwa kwenye ngozi) ikiwa mpya. Proba ikianguka, ikibadilishwa mpira wa usoni, au baadhi ya vipande vyake vya kauri vikifa, namba inabaki vilevile. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Dodoma na jambo hilo limenikosesha raha kwa muda mrefu. Ilipoletwa proba ndogo ya megahezi 15 kutoka matengenezo, ile ya kuangalia tezi ya shingo na mishipa iliyo karibu na ngozi, dada wa chumba cha picha aliniuliza swali la haki kabisa: "Kaka, una uhakika inatoa nguvu ileile?" Sikuwa na njia ya kumjibu ila kuipima.

Kupima huku ni kuzamisha kihisi ndani ya maji mbele ya proba na kusoma shinikizo la wimbi kwa megapaskali. Kihisi hicho huitwa haidrofoni. Kinachotumika zaidi ni cha piezoelektriki, yaani kinachotoa umeme kikigandamizwa. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha tabia hiyo kwenye fuwele mwaka 1880. Mwaka 1969 Mjapani Heiji Kawai akaikuta kwa nguvu kubwa kwenye plastiki iitwayo PVDF, na hiyo ndiyo iliyobadilisha kazi yetu, maana PVDF ni nyepesi, sauti inaingia ndani yake kutoka majini kwa urahisi kuliko kwenye kauri, na inaitikia masafa mengi bila kupiga kelele zake yenyewe. Niliazimwa haidrofoni ya namna hiyo, umbo la sindano, ncha yenye upana wa nusu milimita, pamoja na cheti chake cha urekebishaji kinachoishia megahezi 20.

Kwa proba za tumbo za megahezi 3 sindano hiyo inatosha. Sauti kwenye maji ya nyuzi joto 25 inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo wimbi la megahezi 3 lina urefu wa nusu milimita, sawa na ncha yenyewe. Kwa megahezi 15 urefu unashuka hadi sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo ncha inabeba mawimbi matano kwa mpigo. Ukiiinamisha kama digrii sita tu, upande mmoja unapokea kilele wakati upande wa pili unapokea bonde, na umeme wao unafutana. Ni kama kupima kina cha matuta ya karanga kwa ubao uliolazwa juu ya matuta matano. Hata ukiinyoosha sawasawa, mahali mwale wa sauti unapokusanyika ni pembamba, kwa hiyo kingo za ncha zinapokea sauti hafifu na kuushusha wastani. Sindano inaweza kukuambia proba ni dhaifu na salama, kumbe katikati kuna shinikizo kubwa ambalo haikuliona.

Sindano nyembamba zaidi zipo, hadi mikromita 40, lakini bei yake siyo ya kwetu. Faiba tunayo. Uzi wa mawasiliano ni kioo chenye kipenyo cha mikromita 125, na mwanga unapita katikati kwenye eneo la kama mikromita 10 tu. Ukiukata mkato wa wima, uliosafi, ncha yenyewe ni kihisi. Wajerumani Staudenraus na Eisenmenger waliandika kuhusu njia hii mwaka 1993, wakipima mawimbi makali ya kuvunjia mawe ya figo. Unapeleka mwanga wa leza wa nanomita 1,550, ule wa kwenye mkongo, hadi kwenye ncha iliyo majini. Kiasi cha mwanga kinaakisiwa na kurudi. Wimbi la sauti likipita, maji yanabanwa, uwezo wake wa kupindisha mwanga unakaribia ule wa kioo, na mwanga unaorudi unapungua. Maji yakivutwa, unaongezeka. Kihisi cha mwanga upande wa pili kinayageuza hayo kuwa umeme wa kuonyesha kwenye osiloskopu, mashine inayochora umeme kwenye skrini kama mstari wa mawimbi.

Kukata ndiko kulikonifanya nimtafute jamaa yangu anayeunga nyuzi za mkongo. Alikuja na kikatio chake, akanitazama nikivua ala ya uzi, akasema, "Mwanangu, wembe wa nini? Lete hapa." Alikata, akasafisha kwa spiriti, akanionyesha namna ya kuishika ncha isiguse kitu. Mtihani wa mkato mzuri ni rahisi na naupenda: ncha ikiwa hewani, mwanga unaorudi ni kama 3.3%. Ukiizamisha majini unashuka hadi karibu 0.2%. Ukiona uwiano huo, ncha iko sawa. Usipouona, kata tena. Hilo ndilo kubwa kuliko yote upande wa faiba, kwamba ncha ikivunjika unapoteza sentimita moja ya uzi na unaendelea, wakati sindano ya PVDF ikigonga ukingo wa tangi ni hasara ya kulia machozi. Jambo la usalama: mwanga wa nanomita 1,550 hauonekani, kwa hiyo kamwe usiitazame ncha iliyo wazi leza ikiwa imewashwa.

Maji yalinichukua nguvu kuliko vihisi vyote viwili. Maji ya bomba ya hapa yana madini mengi, birika la chai lolote la Dodoma linaota ukoko mweupe, nami sikutaka ukoko huo kwenye elektrodi. Nilitumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Hata hivyo yana hewa ndani, na kiputo kimoja kwenye ncha kinaharibu kila kitu, kwa sababu mpaka wa maji na hewa unaakisi sauti karibu yote. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Niliyachemsha muda mrefu, nikayamimina taratibu kwenye chupa hadi mdomoni, nikafunga, yakapoa yakiwa hayana nafasi ya kuvuta hewa. Kwenye tangi niliyafunika kwa nailoni, kwa sababu upepo wa kiangazi unaingiza vumbi jekundu hata dirisha likiwa limefungwa. Kabla ya kila kipimo nilipitisha brashi laini ya kuchorea usoni mwa proba na kwenye ncha.

Tangi lenyewe ni la samaki. Kishikio cha kihisi nilikifunga kwenye meza ya kusogeza slaidi kutoka hadubini mbovu, ambayo inasomeka hadi sehemu ya kumi ya milimita kwa kushoto na kulia, mbele na nyuma. Upande wa pili wa tangi niliweka mpira mnene ulioinama ili sauti isirudi.

Niliiweka mashine katika hali ya M, inapopiga mstari mmoja mara kwa mara, vinginevyo miale inahamahama na huwezi kuikamata. Sindano niliiweka sentimita 2 mbele ya proba. Kwenye osiloskopu zikatokea ishara mbili. Ya kwanza ilikuwa mwanzoni kabisa, wakati uleule proba inapopigwa umeme. Ya pili ilikuja baada ya mikrosekunde 13. Ukigawanya sentimita 2 kwa mita 1,500 kwa sekunde unapata hiyohiyo mikrosekunde 13, kwa hiyo ya pili ndiyo sauti. Ya kwanza ni umeme uliorukia kwenye sindano na waya wake kupitia hewani. Nilihakikisha kwa kukinga kati kwa kipande cha mpira, na ile ya pili ikafutika, ya kwanza ikabaki. Jenereta ilipowashwa sindano ilijaa vurugu nyingine kabisa, na nilihitaji karatasi ya alumini iliyoungwa kwenye ardhi kuituliza. Faiba haikujali lolote kati ya hayo. Ni kioo na mwanga, hakuna cha kunasa umeme.

Udhaifu wa faiba ni unyonge wa ishara. Katika ule mwanga mdogo unaorudi, kila megapaskali moja inabadilisha sehemu kama mbili tu katika elfu. Kwa pigo moja huoni kitu, ni ukungu. Niliiamuru osiloskopu ichukue wastani wa mapigo 1,024, jambo linalopunguza vurugu mara 32, na ili ijue kila pigo linaanza lini nikaipa ishara kutoka waya mfupi niliouzungusha kwenye kebo ya proba. Hapo wimbi likajitokeza, safi, na lenye umbo ambalo sindano haikulionyesha: kilele chembamba kirefu, bonde pana lisilo la kina. Ndivyo sauti yenye nguvu inavyojibadili ikisafiri majini. Kilele kinaliwahi bonde, na masafa ya megahezi 30 na 45 yanazaliwa njiani. Sindano yenye cheti cha megahezi 20 isingeyafikia.

Kwenye proba ya megahezi 3 vihisi viwili vilikubaliana vizuri, na hilo ndilo lililonipa imani na faiba yangu. Kwenye megahezi 15 sindano ilisoma karibu nusu ya faiba. Nilipoinamisha sindano taratibu usomaji wake ukashuka haraka, wa faiba haukutikisika, na hapo sikuwa na shaka tena tofauti inatoka wapi.

MI hukokotolewa kwa shinikizo la bonde, siyo kilele. Unalipunguza kwa desibeli 0.3 kwa kila sentimita na kila megahezi, kufidia kwamba mwili unameza sauti kuliko maji. Kwa sentimita 2 na megahezi 15 ni desibeli 9, yaani unagawanya kwa karibu 2.8. Kisha unagawanya kwa kipeuo cha pili cha masafa, ambacho kwa 15 ni 3.87. Jibu lilikuwa chini ya 1.9, kikomo cha FDA, mamlaka ya chakula, dawa na vifaa tiba ya Marekani, kwa matumizi ya kawaida, na lilikaribiana na namba ya skrini. Kwa jicho kikomo ni 0.23, na kwa jicho sikuipitisha. Niliandika hivyo kwenye fomu na kubandika karatasi kwenye kishikio cha proba, maana mtu akiona masafa ya juu na picha nzuri ya vitu vidogo anaweza kushawishika.

Proba ilirudi chumba cha picha. Sindano sasa naitumia kwa proba za megahezi 5 kushuka chini, kwa sababu inasoma papo hapo bila wastani, na faiba kwa za juu. Kwa mihimili dhaifu faiba ya mkato mtupu haitoshi. Hapo inatakiwa ile yenye utando wa plastiki kati ya vioo viwili kwenye ncha, aina ya Fabry-Perot, ambayo ina usikivu mkubwa zaidi ila ikivunjika huwezi kuikata upya nyumbani. Hiyo ndiyo ninayoandikia maombi ya fedha sasa hivi.