Siku moja na dodoso mkononi, Tunguu, Zanzibar

Saa 12 asubuhi nishapanda daladala Mwanakwerekwe, kishikwambi mkobani, madodoso ya karatasi nimeyapakata yasikunjike. Mimi ni mdadisi. Nawauliza wanafunzi na wahadhiri maisha yao ya chuoni yakoje: dahalia, maktaba, kusikilizwa darasani, kunyanyaswa. Mtaani kwetu wanasema nalipwa kwa kupiga soga.

Saa 2 hadi saa 5, wanafunzi tisa. Wawili hawakuridhia, nikawashukuru nikaondoka. Chini ya mwembe vijana wakanilalamikia, "Dada, mbona sisi hutuulizi?" Siwezi. Nachukua kila wa kumi kwenye orodha. Nikiokota waliokaa kivulini, nitapata maoni ya kivulini tu. Mmoja alijibu 4 kila swali, mpaka lile la mtego lililoandikwa "hapa chagua 2". Dodoso hilo halihesabiwi.

Saa 5 nikabisha kwa mhadhiri niliyekuwa namfukuzia tangu Jumatatu (kaniruhusu nisimulie, jina hapana).

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, kaa."

Nikafurahi. Kumbe anasomesha mbinu za utafiti.

Swali la 14: "Ninaridhika na maktaba na intaneti ya chuo."

"Maktaba naridhika. Intaneti hata kidogo. Utaandika nini?"

"Ngazi ya 1 hadi 5, mwalimu."

"Ya kipi?"

Sina jibu. Akavua miwani. Maswali mawili hayavai kanzu moja, akasema, hilo Likert, aliyebuni ngazi hizi za 1 hadi 5, alishalionya tangu 1932. Akasimama, akanichorea ubaoni. Nami sina ruhusa ya kubadili hata neno: wadadisi sita tukiuliza kila mtu kwa maneno yake, majibu hayalinganishiki. Nikamweleza. Akakiri hilo nalo kweli, kisha akarudi palepale kwenye 14. Nikalisoma tena kama lilivyo. Akacheka. Nikalisoma mara ya tatu, njaa inaniuma, huku moyoni namuunga mkono. Adhana ya adhuhuri ikatukuta ukurasa wa tatu kati ya tano. Baada ya swala ana kipindi, nimwachie karatasi.

Sisi tunalipwa kwa dodoso lililokamilika.

Kuanzia hapo sikuangalia tena saa. Chapati baridi. Jua. Mwanafunzi mmoja akaniuliza mara tatu kama jina lake litafika ofisini. Halifiki, tunaandika namba tu. Alipoamini, akaanza kuzungumzia dahalia, nikaweka kishikwambi chini nikamsikiliza kwanza. Hayo siyasimulii. Kurudi mjini nilisimama njia nzima, karatasi kifuani.

Baada ya isha nikapata ujumbe wa mwalimu: "Kurasa mbili zilizobaki nimejaza, zifuate Alkhamisi. Na la 22 liangalieni."

Nikafunua dodoso. "Wahadhiri na watumishi hunisikiliza."

Nikampigia msimamizi wangu. Hakupokea.