Kapeti ya gari imelowa? Usikimbilie silikoni

Masika haya ya Mwanza, gari lenye miaka 15 na kuendelea likilala nje chini ya mwembe, asubuhi unakuta kapeti ya abiria wa mbele inachuruzika. Kwanza hakikisha ni mvua. Maji yenye utelezi na harufu tamutamu ni kulenti (maji ya kupoza injini) inayovuja kwenye hita. Yakitokea siku kavu AC ikiwa imewashwa, bomba lake la kutolea maji limeziba.

Kama ni mvua, mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie gari maji kwa mpira, bila presha, akianzia chini kupanda juu, dakika 3 hadi 5 kila sehemu. Ukianza na paa hutajua yameingilia wapi.

Anzeni chini ya waipa. Toa plastiki inayofunika hapo. Mara nyingi majani yameoza na kuziba matundu, maji yanajaa hadi yanaingia kwenye feni ya hewa. Zoa kwa mkono, kisha suuza.

Mlangoni, maji kupita kando ya kioo ni kawaida. Tatizo ni matundu ya chini kuziba, au nailoni ya kuzuia maji iliyo ndani ya mlango kuchanwa na fundi aliyebadilisha spika. Ibandike upya.

Kioo cha mbele kikivuja, kitolewe, kutu isuguliwe, kibandikwe kwa gundi yake. Silikoni yenye harufu ya siki huongeza kutu.

Halafu nyanyua kapeti yote. Sponji ya chini hunywa maji kimyakimya. Ianike juani siku 2, vinginevyo sakafu itatoboka.