Umefikaje Hapo? Mwaka Wangu na Darasa la "Vilaza"

Kati ya madaftari 42 niliyosahihisha usiku ule, 31 yalikuwa na jibu moja: −3 − 5 = 8. Nilikuwa napiga mkasi mwekundu, alama ya kukosa, nafunua la pili, napiga mkasi, nafunua la tatu. Nilipofika kama la 20 nikaiweka kalamu chini. Mtu anayebahatisha habahatishi hivyo. Ukiwaambia watoto 42 wataje namba yoyote, hutapata 31 waliotaja ileile. Kuna kitu walikuwa wanakijua, tena wanakijua vizuri, na ndicho kilichokuwa kinawaangusha.

Mkondo huo nilikabidhiwa mwanzoni mwa mwaka. Kidato cha pili, mkondo wa mwisho, ule wanakorundikwa waliopata alama za chini. Ofisini ulikuwa na jina lake, "kwa vilaza," jina lisilotamkwa mbele ya mkuu wa shule lakini lililojulikana na kila mtu, wanafunzi wenyewe wakiwa wa kwanza. Mwenzangu aliyenipa daftari la alama alinisihi kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, we ingia, andika noti, saini, toka. Usijitafutie presha ya bure."

Sikumsikiliza, lakini nilichofanya badala yake hakikuwa bora. Nilifundisha kwa kasi na kwa sauti kubwa, kana kwamba tatizo lao lilikuwa masikio. Jaribio la kwanza wastani ulikuwa 14 kati ya 100. Kwa hasira nikasoma alama mbele ya darasa, kuanzia ya chini. Kijana aliyekaa dirishani alikuwa na 4. Wenzake walicheka, naye akacheka nao, kwa nguvu kuliko wote. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Alirudi baada ya siku tisa, akakaa palepale dirishani, na kwa muda mrefu kila nilipopita karibu yake alilaza mkono juu ya daftari. Kosa lile ni langu, na tangu siku hiyo sijasoma alama ya mtoto hadharani, iwe ya juu au ya chini.

Turudi kwenye yale madaftari 31. Asubuhi niliandika swali lilelile ubaoni na badala ya kusema "mmekosa" nikauliza tu: "Nane imepatikanaje? Anayejua anieleze." Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma, sauti kama ya mtu anayeshtakiwa: "Hasi na hasi ni chanya, Mwalimu. Si ulitufundisha mwenyewe?"

Nilikuwa nimewafundisha kweli. Wiki mbili nyuma, kwenye kuzidisha. Hasi mara hasi ni chanya, tukaikariri kama wimbo, na wao wakaibeba kanuni hiyo kwa uaminifu hadi mahali isipohusika. Ona ajabu yake: wale niliowaona wavivu ndio waliokuwa wametii maneno yangu kuliko nilivyotarajia.

Nikafuta ubao, nikaanza na deni. Hili si jambo nililobuni. Brahmagupta, mwanahesabu wa India, aliandika kanuni za namba hasi mwaka 628 akiziita madeni, na zile chanya akaziita mali. Ulaya, miaka zaidi ya elfu moja baadaye, bado kulikuwa na wanahesabu wazima walioziona namba hizo kuwa upuuzi. Niliwaambia darasani hivyohivyo, kwamba kitu kinachowasumbua kiliwasumbua wasomi kwa karne nyingi, na nikaona mabega kadhaa yakishuka. Kisha nikamrudia yule binti. Unadaiwa tatu, ukakopa tano tena. Hali yako ikoje? Akajibu bila kufikiri: "Nadaiwa nane." Akanyamaza. Akatazama ubao, akatazama daftari lake. "Kwa hiyo nane yangu ni ya deni."

Sentensi ile nimeitumia miaka yote iliyofuata.

Kuanzia hapo kazi yangu ikabadilika sura. Nilipunguza mikasi, nikawa naandika pembeni maneno mawili: umefikaje hapo? Ni kazi ya kuchosha, sitaki kudanganya. Daftari lililokuwa linachukua nusu dakika likawa linachukua dakika tatu, na ukizidisha kwa 42 unaona usiku unavyokwenda. Niliishia kusahihisha madaftari 14 tu kila siku kwa zamu, yaliyobaki tunasahihisha pamoja ubaoni. Mwalimu yeyote anayekwambia anasoma kila mstari wa kila mtoto kila siku ana darasa dogo sana au ana chumvi nyingi.

Lakini nilichokipata humo! Chukua sehemu. 1/2 + 1/3, wanajibu 2/5, juu kwa juu, chini kwa chini. Niliwaomba wachore tu: nusu ya karatasi imepakwa rangi, kisha mbili ya tano ya karatasi kama hiyo. Mbili ya tano ikatokea ndogo. "Umeanza na nusu, umeongeza kitu, umebaki na pungufu ya nusu?" Kijana mmoja alisema hesabu hiyo imeibiwa njiani. Baada ya hapo ndipo habari ya kutafuta asili moja ikawaingia, kwa sababu sasa walikuwa wanaihitaji. Zamani niliianza na kanuni, na kanuni bila shida inayoitaka ni mzigo tu.

Au chukua alama ya sawasawa, ambayo ilinishtua kuliko zote. Niliandika 8 + 4 = __ + 5. Karibu nusu ya darasa walijaza 12. Kidato cha pili! Kwao alama ile ilimaanisha "toa jibu," kama kitufe cha kikokotoo, na ndivyo walivyoitumia tangu darasa la kwanza. Sasa mtoto wa namna hiyo unamwandikia mlinganyo 2x + 3 = x + 9 na kumwambia apunguze pande zote mbili. Pande zipi? Kwake hakuna pande, kuna swali upande wa kushoto na jibu upande wa kulia. Robert Recorde, aliyeanza kuitumia alama hiyo mwaka 1557 huko Uingereza, alichora mistari miwili sambamba akitoa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Tulikaa na mistari hiyo miwili wiki nzima. Mada ya muhula ilinisubiri, na mratibu wa taaluma alinisubiri pia akiwa na karatasi yake ya kuonyesha nimechelewa kurasa ngapi. Nilisaini kwamba nimechelewa. Kuna vita ambavyo hupigani, unasaini.

Jambo lililonigharimu zaidi halikuwa hesabu. Lilikuwa kunyamaza. Ukimuuliza mtoto anayesuasua swali, ukimya unaofuata unauma, hasa kwa mwalimu, na unaukatisha kwa kumpa jibu au kumrukia mwingine. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliupima ukimya huo miaka ya 1960 na 1970, akakuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu. Waliposogea hadi tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na wanafunzi waliohesabiwa dhaifu wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu ni kitu gani? Jaribu kusimama mbele ya vijana 42 ukihesabu moyoni moja, mbili, tatu, huku mkorofi wa darasa akikutazama usoni. Mimi nilikuwa nashika chaki mkononi na kuizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde. Nilipofika mizunguko mitano kijana wa dirishani alisema kitu. Jibu lilikuwa la makosa. Nikamuuliza amefikaje hapo, akaeleza, na katikati ya maelezo akajikamata mwenyewe: "Aa, hapana, subiri." Sikusema hongera. Niliogopa kwamba nikimsifu mbele za watu atarudi kuficha daftari. Niliitikia kwa kichwa tu nikaendelea, na nadhani hapo nilipatia.

Siku mbaya zilikuwa nyingi kuliko hizi nzuri ninazozisimulia. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa hakuna mbinu inayofanya kazi, yeyote anayesema anayo aje aichukue Ijumaa yangu. Kuna waliolala, na baada ya kuwafokea kwa miezi niligundua kwamba baadhi yao hawakulala nyumbani, kwa sababu zao ambazo si za kuandikwa hapa. Kuna mmoja aliyeacha shule muhula wa pili. Nilimtafuta mara mbili, ya tatu sikwenda, na hilo bado linanikera.

Na kulikuwa na kusoma. Sikulitegemea hili kwenye somo la hesabu. Nilitoa swali hili: Asha ana kalamu 7. Ana kalamu 3 zaidi ya Ali. Ali ana ngapi? Wengi wakajibu 10. Nikamwomba mmoja asome kwa sauti. Alisoma "saba," akasoma "tatu," akasoma "zaidi," na yote yaliyo katikati aliyaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Zaidi maana yake jumlisha, basi. Walishazoea kuwinda neno moja na namba mbili. Nilianza kuwapa maswali ya maneno yasiyo na namba kabisa: Asha ana kalamu zaidi kuliko Ali, nani ana nyingi? Chora. Walinung'unika kwamba nawafanya watoto wadogo. Niliwaomba wavumilie wiki moja, ikawa tatu. Mwalimu wa lugha nilimwendea kwa unyenyekevu kuomba msaada, naye akacheka akasema amenisubiri miaka.

Mwisho wa mwaka wastani wa mkondo ulikuwa 33. Kwenye taarifa ya shule hiyo bado ni kufeli, na iliandikwa hivyo, kwa wino uleule. Kijana wa dirishani kutoka 4 alifika 29. Ofisini mtu mmoja aliitazama karatasi akasema, "Huyu bado F," na alikuwa sahihi. Sikubishana. Mimi nilikuwa nimeshaiona karatasi yake ya mtihani: maswali aliyokosa yalikuwa na kazi imeandikwa mstari kwa mstari, hakuna nafasi hata moja aliyoiacha wazi. Mwanzoni mwa mwaka aliniletea karatasi nyeupe yenye jina lake tu.

Kabla ya mtihani huo, katika moja ya vipindi vya mwisho, nilikuwa nafungua mabano ubaoni, nimewapa mgongo, naandika haraka kwa sababu kengele ilikaribia. Nikasikia nyuma yangu sauti ya yule binti wa deni.

"Mwalimu, mstari wa tatu. Umefikaje hapo?"

Darasa likaripuka kwa kicheko. Nilipogeuka nilimwona kijana wa dirishani ananizungushia kalamu yake polepole, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, ananihesabia sekunde. Nikausoma mstari wangu. Nilikuwa nimeisahau alama ya hasi.

"Nane yangu ni ya deni," nikasema, nikafuta.