Shida ya mama haikuwa kuvuta pumzi, ni kuitoa

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja. Naanza na hiyo kwa sababu watu wakisikia COPD, ule ugonjwa wa mapafu usioisha unaoziba njia za hewa, swali la kwanza ni ati alikuwa anavuta? Hapana. Alikuwa anakaanga mgongo wazi hapa Obunga, Kisumu, miaka zaidi ya 20, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani nyama ikishatolewa, karai kubwa juu ya mawe matatu, na kuni zikiwa mbichi moshi unamjaa usoni anageuka kidogo halafu anarudi palepale maana samaki wataungua.

Kikohozi kilipoanza tukasema ni vumbi. Baadaye akawa anasimama njiani akitoka sokoni, anajifanya anafunga leso. Makohozi yakapimwa TB, hakuna. Kliniki moja wakasema ni asma wakampa vidonge tukarudi nyumbani, na hadi leo inaniuma, karibu miaka miwili imepita hivyo na hakuna aliyemwambia apulize kwa mashine.

Siku alipopuliza ndio tukajua. Unajaza kifua, unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka hewa iishe, inapimwa umetoa ngapi sekunde ya kwanza. Ikiwa chini ya asilimia 70 ya yote uliyotoa, hata baada ya kupewa dawa ya kufungua njia za hewa, hiyo ni COPD. Mama alipata 48. Akapewa hiyo dawa, ile inhela ya bluu ya kuvuta kwa mdomo, tukangoja dakika 15, akapuliza tena, ikapanda kidogo tu.

Daktari akatuambia vifuko vya hewa vimelegea kama elastiki ya soksi kuukuu, hewa inaingia lakini haisukumwi nje, inakwama, sasa ukivuta nyingine hakuna nafasi. Na sisi usiku tulikuwa tunamshika mabega, "vuta pumzi mama, vuta!" Kumbe tunamwongezea taabu. Siku hizi anabana midomo kama anayepoza uji, anavuta kwa pua nikihesabu mbili, anatoa polepole nikihesabu nne.

Inhela nayo alikuwa anakosea, dawa yote inabaki kwa ulimi. Sista akatutobolea chupa ya maji ya nusu lita kwa kitako, inhela inaingia hapo inabana kabisa, mama anavutia kwa mdomo wa chupa. Haikutugharimu kitu.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi, nimekubali. Lakini tumehamia gesi, jioni anatembea kidogo, na makohozi yakigeuka rangi au pumzi ikibana kuliko kawaida hatungoji asubuhi, tunatafuta gari.

Shirika la Afya Duniani linasema COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Mimi nawaza wale wa karai. Wenzake mama bado wako pale kwa moshi, wawili wana kikohozi kilekile cha asubuhi. Nimewaomba Jumatatu twende wapulize. Mmoja amekubali, mwingine anasema samaki watauzwa na nani.